Hatua Elfu Tisa za Mlima Kindore

Niliingia nchi ya Ukimo asubuhi moja ya msimu wa vuli, na kabla sijaulizwa jina nikaulizwa mlima wao una urefu gani. Nilikuwa sijauona. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini mwa ng'ombe, na cha mbali kabisa nilichoweza kukiona ni meza ya ofisa aliyeniuliza. Nikamwambia sijui. Yule ofisa, mtu mpole mwenye kikohozi, akanijibu bila hasira kwamba wageni wote hawajui, ndiyo maana huambiwa: ni hatua elfu tisa. Akanitaka niseme mara tatu kwa sauti. Nilipomaliza, akanigonga muhuri kiganjani na kuniambia sasa nina ruhusa ya kuutazama.

Mimi naitwa Shehoza, fundi wa visima. Ulikuwa mwaka wangu wa tatu sijachimba kisima hata kimoja. Natembea tu. Nikikaa mahali zaidi ya siku nne miguu huniwasha, usingizi unanikimbia, chakula kinageuka majivu mdomoni, na dawa yake ni kuondoka. Niliposikia kwamba Ukimo kuna mlima wa kale, uliotema moto enzi ambazo hazina msimuliaji, na kwamba mgeni yeyote huruhusiwa kuupanda, nikasema huko angalau nitachoka vizuri.

Ukungu ulipoinuka nikauona Kindore. Nilitarajia mlima wenye umbo la chungu kilichofunikwa, kama milima ya moto ilivyo. Nilichokiona kilikuwa kama gego bovu. Kuta zilikuwa zimeliwa na mvua za maelfu ya miaka, mapito ya maji yamechimba makorongo marefu, na kati ya korongo na korongo mbavu za mwamba mweusi zilitokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Chini kulikuwa na mawe, mawe, mawe, mpaka kwenye mashamba ya watu. Hata mtoto angetambua kwamba mlima ule ulikuwa mkubwa zaidi zamani, na kwamba sehemu iliyopungua ndiyo hii tuliyokuwa tunaikanyaga.

Lakini katika Ukimo kulitambua hilo ni kosa. Mwasisi wa nchi aliupima mlima kwa miguu yake akapata hatua elfu tisa, na hesabu hiyo imeandikwa katika Daftari la Kimo. Sheria ya kwanza ya nchi ina maneno mawili tu: Mlima haupungui. Kutokana na sheria hiyo, maneno kama kumomonyoka, kubomoka na kuporomoka yameondolewa katika mazungumzo. Ukuta ukianguka husemwa umepumzika. Mzee aking'oka jino husemwa ameliweka. Vyeo vya watu pia hupangwa kwa hatua. Mkuu wa Baraza la Kimo, Mheshimiwa Nyange, ni mtu wa hatua elfu nane na mia tisa, ingawa nilielezwa kwamba hajawahi kuupanda mlima. Huongezewa hatua mia kila mwaka siku ya kuzaliwa kwake, na hofu ya serikali ni kwamba akiishi miaka miwili zaidi atapita kilele.

Nilipangiwa kulala kijiji cha Begani, kilichoitwa hivyo kwa sababu kilikaa chini kabisa ya bega la mashariki la mlima. Mwenyeji wangu alikuwa Bi Zawena, mjane wa miaka sabini hivi, mwembamba, mwenye ulimi mkali. Nilipoingia nyumbani kwake nilisimama mlangoni. Katikati ya sebule palikuwa na jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala. Paa juu yake lilikuwa limezibwa kwa makuti mapya.

"Msalimie," Bi Zawena akaniambia. "Ndiyo sheria."

"Nani, mama?"

"Huyo. Mawe yakija kutoka juu huitwa wageni. Huyu alikuja mwaka wa nne huu, akapitia paani bila hodi, akavunja kitanda changu cha ndoa. Nilikuwa nje napepeta mchele, namshukuru Mungu." Akalifuta vumbi kwa ncha ya kanga yake. "Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi huyu jembe nimeshamwekea. Hajalishika."

Nikauliza kwa nini haliondolewi. Akasema kumfukuza mgeni ni kukiri kwamba alitoka mahali, na kama alitoka mahali, basi mahali hapo pamepungua. Kwa hiyo mwenye nyumba haruhusiwi kuliondoa wala kuhama na kuliacha peke yake. Kila wiki karani huja kukagua kama mgeni ametunzwa.

"Na karani mwenyewe," akasema, "ni mwanangu wa kunizaa."

Mwanawe alifika jioni hiyo hiyo. Mfaume, kijana wa miaka thelathini, nadhifu, daftari kwapani na kalamu sikioni. Alimwamkia mama yake, akaliamkia jiwe, akaandika, kisha akanitazama.

"Wewe ndiye utakayepanda kesho? Nitakuhesabia hatua."

---

Sheria ilitaka kila mgeni apande na watu wawili: mwongozaji wa kumwonyesha njia na karani wa kuhesabu. Mwongozaji wetu alikuwa mwanamke anayeitwa Sikudhani, mrefu, mkavu, asiyevaa viatu. Alisema mguu mtupu husikia. Tulianza kulipopambazuka, na kwa saa mbili njia ilikuwa ya kawaida, udongo mwekundu wenye majivu, magugu yaliyolowa umande, mawe mepesi yenye matundu kama mkate. Nyuma yangu Mfaume alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, kama mtu anayevuta uradi.

Kisha udongo ukaisha na mwamba ukaanza. Hapo hapakuwa na kutembea tena, palikuwa na kuparamia. Tulipanda kwa mikono na miguu katika nguzo za mwamba wenye pembe, zilizobanana kama miwa kwenye mzigo. Sikudhani alinifundisha kwa maneno machache: viungo vitatu vishike, kimoja kisafiri. Kila mara kabla ya kushika jiwe aliligonga kwa vifundo vya vidole, kama mnunuzi anavyogonga tikiti maji. Mengine yaliitika kwa mlio mgumu, akayashika. Mengine yalitoa sauti ya debe.

"Hilo usiliguse, fundi," aliniambia nilipotaka kunyoosha mkono. "Linafikiri."

"Linafikiri nini?"

"Kwenda."

Mfaume alikohoa chini yetu. Sikudhani akaendelea kupanda. Baadaye nilielewa kwamba neno lenyewe lilikuwa marufuku, na waongozaji walikuwa wamejitafutia jingine.

Siwezi kusema nilitulia kule juu. Kwa kawaida mwamba hunipa amani, maana hauna haraka. Lakini mwamba wa Kindore ulikuwa na haraka. Vipande vidogo vilikuwa vikiteremka korongoni muda wote bila kuguswa na mtu, vikilia tik, tik, tik, na kila nilipopata mahali pa kukaa nilijikuta nimesimama.

Tulipofika juu ya bega, uwanja mpana wa nyasi fupi, nikauona ufa.

Ulianza ukingoni ukazunguka uwanja wote kama mstari uliochorwa na mtu anayetaka kukata kipande cha keki. Haukuwa wa zamani. Mizizi ya nyasi ilikuwa imenyooshwa toka upande huu hadi ule, mingine bado haijakatika. Nililala kifudifudi nikatia sikio, nikasikia mchanga ukinong'ona. Nikadondosha kokoto. Ilichukua muda mrefu, kisha ikaingia majini. Chini ya bega kulikuwa na maji yanayotembea.

"Hatua elfu nne mia mbili na nane," Mfaume akasema, macho yake yakiwa juu ya daftari. Aliuvuka ufa bila kuutazama, kama mtu anavyovuka mbwa aliyelala.

Sikudhani alichuchumaa kando yangu, akafunua nyasi. Alikuwa amepigilia vijiti viwili, kimoja kila upande, na kuvifunga kamba.

"Wakati wa mavuno kidole kilikuwa hakipiti," alinong'ona. "Sasa weka mkono."

Niliweka shubiri nzima na bado palibaki nafasi.

"Umemwambia nani?"

"Mume wangu ndiye aliyesema. Mlekwa. Alisimama barazani akasema. Utamwona huko juu."

Sasa nieleze jambo nililoliacha. Miaka mitatu nyuma nilikuwa nachimba kisima kwa tajiri mmoja, na aliyekuwa chini siku ile alikuwa mwenzangu Ngwilizi, tuliyefanya kazi pamoja tangu ujana. Nikiwa juu kwenye kamba, nilisikia mchanga wa ukuta ukinong'ona. Fundi wa visima huijua sauti hiyo. Lakini yule tajiri alikuwa amesimama pale na wageni wake, anataka waone maji kabla ya chakula cha mchana, nami nikaona haya kusimamisha kazi. Nikasema moyoni, amalize ndoo moja. Nilinyamaza kwa muda wa ndoo moja. Ngwilizi tulimtoa kesho yake.

Sauti niliyoisikia ndani ya ule ufa ilikuwa ileile.

---

Kilele cha Kindore ni jukwaa la mwamba lisilozidi ukubwa wa banda la ng'ombe. Tulipofika Mfaume alikuwa amehesabu hatua elfu sita na arobaini. Nikavua kofia nikitaka kupumzika. Akaniambia bado.

"Bado nini? Hapa ndipo juu."

"Bado hatua elfu mbili mia tisa na sitini," akasema. "Tafadhali endelea."

Huo ndio utaratibu. Mgeni hupiga hatua zilizobaki akiwa amesimama palepale, akiinua miguu na kuishusha, mpaka zitimie elfu tisa. Nilizipiga. Nilichukua karibu saa nzima nikikanyaga mahali pamoja huku upepo ukinipiga usoni na Mfaume akihesabu kwa uso mzito kabisa. Nilitaka kucheka, nikashindwa, kwa sababu mbele yangu kulikuwa na watu kumi na wawili wakipandisha mawe.

Hawa walikuwa wafungwa. Yeyote anayepatikana na kosa la kuupunguza mlima kwa maneno huhukumiwa kuujaliza kwa mikono. Huteremka mpaka begani, huchukua jiwe, hulipandisha, hulipanga. Mvua inapokuja hulirudisha jiwe lilikotoka. Kwa sababu kilele kilikuwa kimejaa, mwaka ule walikuwa wameamriwa walundike mawe ukingoni, upande wa mashariki, juu ya bega. Nikalitazama lile lundo, refu kama nyumba, uzito wake wote ukiukalia ule ufa.

Mlekwa alikuwa mtu mpana, viganja vimekuwa vigumu kama pembe. Alipita karibu na mkewe akiwa na jiwe begani. Hawakuruhusiwa kuzungumza zaidi ya salamu.

"Hujambo, Mama Rehani."

"Sijambo, Baba Rehani. Unakula?"

"Nakula."

Akalipanga jiwe lake, akashuka kuchukua jingine. Alitembea kama mtu aliyekwishasahau kwamba kuna namna nyingine ya kutembea.

Mfaume alinipa cheti nitie sahihi: Nimepanda hatua elfu tisa, sikuona dosari. Nikakataa. Hakukasirika. Alionekana kuchoka.

"Fundi," akasema, "tia sahihi, kesho uko njiani. Mimi nina mama."

"Mama yako analala chini ya ufa huu."

Alifunga daftari. "Itabidi nikupeleke barazani."

---

Baraza la Kimo lilikutana asubuhi iliyofuata, mvua ikinyesha. Wajumbe tisa walikaa kwenye viti vya urefu tofauti kwa kadiri ya hatua zao, na Mheshimiwa Nyange alikaa juu sana hivi kwamba alilazimika kuinama asigonge dari. Nilieleza nilichokiona: ufa, maji, vijiti, lundo. Nilijitahidi kutotumia neno lililokatazwa. Nilisema bega linafikiri.

Mjadala ulikuwa mrefu na wa heshima. Mjumbe wa kwanza alikumbusha kwamba wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, akashauri ufa uzibwe kwa udongo na kupakwa chokaa. Wa pili akapinga: kuziba ufa ni kukiri upo. Wa tatu, mzee mwenye miwani, aliomba kujua kina chake. Nikasema kwa mlio wa kokoto hakipungui hatua arobaini.

Akaondoa miwani. "Waheshimiwa, mlima hupimwa kutoka chini hadi juu. Kama chini imeteremka hatua arobaini, basi mlima umeongezeka hatua arobaini."

Kisha kila mtu akaanza kusema kwa wakati mmoja. Mheshimiwa Nyange alitabasamu kwa mara ya kwanza, bila shaka kwa kuona nafasi imepatikana juu ya kichwa chake. Ikaazimiwa kwamba mlima sasa ni hatua elfu tisa na arobaini. Kwamba mgeni apongezwe. Kwamba wafungwa waongeze mawe maradufu kusherehekea. Na kwamba kesho adhuhuri wananchi wote wakusanyike kijiji cha Begani, chini ya bega lenyewe, kwa karamu.

Nilisimama. Sikumbuki kuamua. Nilihisi tu kwamba ndoo ile moja ilikuwa imekwisha kujaa.

"Linaporomoka," nikasema. "Bega linaporomoka. Litawaporomokea watu wakiwa na wali mkononi."

Mwanamke mmoja mlangoni alijiziba masikio. Mheshimiwa Nyange alinihurumia. Alisema kwa upole kwamba safari humchosha mtu. Halafu nikahukumiwa kwenda kuujaliza mlima. Mfaume angenipandisha alfajiri.

---

Tulipanda watatu kama siku ya kwanza, Sikudhani mbele. Mvua ilikuwa haijakoma tangu jana. Makorongo yote yalikuwa yanapiga kelele. Chini tuliwaona watu wa Begani wakiinua maturubai na kusimika jukwaa la Mheshimiwa.

Tulipofika juu ya bega, kamba ya Sikudhani ilikuwa imekatika. Vijiti viwili vilikuwa mbali kiasi kwamba mtu mmoja asingeweza kuvigusa vyote kwa mikono iliyonyooshwa. Mfaume alifika ukingoni akainua mguu kuvuka kama alivyozoea, kisha akaurudisha. Alisimama hapo mvua ikimtiririka puani. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitazama.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mavuno, Bwana Karani," Sikudhani akasema. "Umeuvuka mara kumi na tisa."

Aliketi juu ya nyasi. Nilidhani analia, lakini alikuwa anaandika. Alichana ukurasa, akaukunja, akamnyooshea Sikudhani.

"Mpe mama yangu. Hatatoka kwa maneno ya mtu, anaogopa sheria. Hii inasema ameruhusiwa kumwacha mgeni. Wengine waambie unavyojua."

Sikudhani hakuupokea mara moja. Alikuwa anatazama juu, kileleni, ambako watu kumi na wawili walikuwa wanaongeza mawe.

"Baba Rehani yuko kule."

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu, na sote watatu tuliujua. Wafungwa wasingeteremka ila kwa amri ya karani. Wanakijiji wasingemsikiliza mgeni aliyehukumiwa, na karani hangeweza kuwa mahali pawili. Ilibidi Mfaume apande, na Sikudhani ashuke aupe mlima mgongo, na mumewe pia.

Sikudhani alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Fundi, mwambie ashuke upande wa magharibi, asipite huku. Akibisha, na atabisha, mwambie mimi nimechoka kuwa mjane wa mtu aliye hai."

Akauchukua ukurasa akateremka mbio, miguu mitupu juu ya mawe yaliyolowa.

Mimi na Mfaume tukauruka ufa, tukauparamia mwamba bila mwongozaji. Niligonga kila jiwe kama alivyonifundisha, lakini mvua ilikuwa imeyafanya yote yasikike sawa. Mahali pembamba, kwenye zile nguzo zilizobanana kama miwa, Mfaume alishika jiwe moja kabla sijaligonga. Likatoka mkononi mwake taratibu kama jino la mzee. Nikamdaka ukosi wa koti. Alining'inia, miguu ikitafuta mwamba, na kitu cheusi kikaanguka kutoka kwapani mwake, kikapeperuka mara mbili, kikapotelea korongoni. Lilikuwa daftari.

Nilimvuta juu, tukaendelea kupanda. Nilitambua baada ya muda kwamba alikuwa ameacha kuhesabu.

Kileleni wafungwa walitutazama kama watu wanaotazama mvua. Mfaume akawaambia hesabu imekwisha, washuke. Mmoja akauliza hati iko wapi. Mfaume akafungua mikono mitupu. Hakuna aliyesogea. Walikuwa wameongezewa adhabu mara nyingi kwa kuamini maneno, na Mlekwa aliinama akachukua jiwe lake akaanza kulipeleka lundoni.

Nikamfuata. "Mlekwa. Mimi nimetumwa na mkeo."

Aliendelea kutembea.

"Amesema amechoka kuwa mjane wa mtu aliye hai."

Akasimama. Jiwe lilikuwa bado begani. Akauliza, "Amesema hivyo? Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake. Na amesema mshuke magharibi."

Alilitua jiwe chini polepole, kwa adabu. Kisha akawageukia wenzake. "Mimi naenda," akasema. "Atakayebaki abaki na lake."

Walikuja wote.

Tulikuwa nusu ya mteremko wa magharibi, mahali njia inapopinda na bega kuonekana kwa pembeni, wakati mlima ulipoguna. Sina neno bora. Haikuwa kishindo, ilikuwa sauti ya chini inayoingia kwa miguu, kisha kimya, kisha upepo uliotoka upande usio wa upepo. Lundo la mawe lilizama kwanza. Bega likafuata, lote kwa pamoja, na nyasi zake, bila haraka, kama mtu mzima anayekaa chini. Halafu vumbi, mvua ikinyesha ndani yake, na harufu ya udongo mbichi na ya moto wa kale. Mlekwa alipiga magoti. Alikuwa anasema jina moja, si kwa sauti.

---

Ng'ambo ya mto unaopita karibu na Begani tuliwakuta wanakijiji. Sikudhani alipita nyumba kwa nyumba akilitamka lile neno, kavu, bila kulipamba. Wengine walimfungia mlango. Alikwenda mlango unaofuata. Ilipofika adhuhuri kijiji karibu chote kilikuwa kimevuka maji na mbuzi na masufuria. Mheshimiwa Nyange alichelewa kwa sababu kiti chake hakikupita kwenye daraja, na kuchelewa huko kulimwokoa. Watatu walikufa: wapigangoma wawili, ndugu wa baba mmoja, na mpishi aliyekataa kuacha sufuria la pilau. Wapigangoma walikuwa wameambiwa wasiondoke mpaka Mheshimiwa afike. Tuliwatafuta kwa siku mbili. Tuliwapata wawili.

Bi Zawena alikuwa ameketi juu ya kinu chake kilichopinduliwa. Mwanawe alipomfikia, matope mpaka machoni, alimtazama tangu juu hadi chini.

"Daftari liko wapi?"

"Limepotea, mama."

"Basi njoo ukae," akasema, akasogea kumpisha. Mfaume alikaa, akaweka kichwa chake juu ya goti la mama yake kama mtoto mdogo, mbele za watu.

Siku ya tatu alikuja tarishi kutoka Barazani. Alisoma kwamba mlima umeketi. Kwamba aliyeketi hajapungua. Kwamba wananchi warudi makwao mara moja, na makwao ni pale palipoandikwa. Watu walimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Hakuna aliyemtukana. Kisha waliokuwa wanakata miti wakaendelea kukata. Tarishi alisoma mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi, akasubiri, akaomba maji, akapewa, akaondoka.

Ilikuwa siku yangu ya saba Ukimo. Sikuwa nimegundua kwamba nne zimepita.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nasaidia kufunga fito nilipomwona Mlekwa. Alikuwa ameamka kabla ya wote. Alikuwa ameokota jiwe ukingoni mwa mto, amelitia begani, na alikuwa anatembea kuelekea kilima kidogo nyuma ya mahema, kwa mwendo wake uleule, macho chini. Hakuna aliyemwamuru. Watu waliacha kazi. Mfaume alitaka kumkimbilia, nikamshika.

Sikudhani alitoka hemani, akajifunga kanga vizuri, akamfuata. Hakupaza sauti.

"Baba Rehani. Unakwenda wapi na hilo?"

Mlekwa alisimama. Aliangalia kilima, akaangalia mikono yake.

"Sijui," akasema. "Mikono imezoea."

"Lilete hapa."

Alirudi nalo. Sikudhani alisafisha mahali kwa mguu, mbele ya nyumba isiyokuwa na paa bado, akamwonyesha. Mlekwa akalitua. Mkewe akaligonga kwa vifundo vya vidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali.

"Figa moja halipiki," akasema. "Kalete mengine mawili."

Akaenda mtoni. Alirudi na la pili, akaenda tena, akarudi na la tatu. Safari hiyo alitembea kwa haraka kidogo, kama mtu anayesubiriwa. Sikudhani aliyasogeza mpaka yakakaa, akatia kuni, akainama, akapuliza.